Jioni ya Maandamano, Askari Awe Wapi?

Leo naomba tuzungumzie saa moja mahususi ya siku ya maandamano jijini Nairobi. Asubuhi na mchana wa siku hizo tunazifahamu vizuri: bendera, nyimbo, chupa za maji, moshi wa vitoa machozi, watu wakikimbia na kurudi. Lakini jua linapokaribia kuzama mambo hugeuka. Waandamanaji wengi wanatafuta njia ya kurudi nyumbani kwa miguu kwa sababu magari hayapo. Askari aliyesimama tangu alfajiri amechoka na ana hasira. Hapo ndipo kufuli zinaanza kukatwa.

Juni 25, 2025 ilikwenda hivyo hivyo. Ulikuwa umetimia mwaka mmoja tangu vijana waingie Bungeni wakipinga Mswada wa Fedha wa 2024, na maelfu walitoka kuwakumbuka waliouawa mwaka ule. Kufikia usiku, maduka ya simu, ya nguo, ya viatu na hata supamaketi katikati ya jiji yalikuwa yamevunjwa na kubebwa. Kulipokucha wenye maduka walikuta rafu tupu na vioo chini. Wengi wao ni wapangaji wa vibanda vidogo ndani ya majengo makubwa, watu wanaonunua mzigo kwa mkopo wa benki, wa sako au wa chama, na mkopo haujali kwamba umeporwa. Siku hiyo hiyo, kwa hesabu ya Amnesty International nchini Kenya, watu 16 walipoteza maisha. Serikali nayo ilisema mamia ya maafisa wa polisi walijeruhiwa, na kule Kikuyu majengo ya mahakama yaliteketezwa.

Nayataja yote kwa pamoja kwa makusudi. Tumezoea kuchagua upande: huyu analilia maduka, yule analilia vijana, na kila mmoja anamwona mwenzake hana utu. Mimi nawalilia wote, na naamini kwamba aliyeshindwa kulinda duka ndiye yule yule aliyeshindwa kulinda kijana. Katiba yetu, katika kifungu cha 37, inampa kila mtu haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Kifungu cha 40 kinalinda mali. Polisi mmoja amepewa kazi zote mbili kwa siku moja, barabara moja. Ninachotaka kusema leo ni kwamba kazi hizo hazigombani hata kidogo, mradi askari asimame mahali panapostahili.

Tazama askari wetu husimama wapi. Tangu asubuhi nguvu yote imewekwa katika kumzuia mwandamanaji asifike Bunge, asifike Ikulu, asifike popote. Lori za maji, farasi, vitoa machozi, vyote vinamfuata yeye, kutoka kona hii hadi kona ile, kwa saa nyingi. Kundi lililokuwa moja linavunjwa vipande ishirini, kila kipande kimeingia kichochoro chake. Waandaaji waliokuwa wakiwatuliza wenzao wamekamatwa au wamekimbia. Sasa mwizi aliyekuja na mtaimbo chini ya koti ana kila anachohitaji: umati uliotawanyika, moshi, na barabara ya nyuma ambako hakuna askari hata mmoja, kwa kuwa wote wako mbele wakifukuzana na mtu mwenye bendera.

Kumbe askari wachache wenye sare, wawili wawili kwenye kila safu ya maduka, tangu mchana hadi mlinzi wa usiku apokee zamu, wangeweza kuzuia mengi kuliko lori zima la vitoa machozi. Mporaji hatafuti vita na askari. Anatafuta mlango usio na mtu.

Sasa, baada ya uporaji wa Juni, tuliambiwa nini? Siku iliyofuata Waziri wa Usalama wa Ndani, Kipchumba Murkomen, alizungumza kuhusu kuwapiga risasi watakaovikaribia vituo vya polisi. Julai 9, Rais William Ruto akasema hadharani kwamba anayechoma biashara ya mtu apigwe risasi mguuni, apelekwe hospitali, kisha mahakamani. Najua kauli hiyo ilipigiwa makofi. Najua kuna mwenye duka aliyeisikia akasema, hatimaye kuna mtu ananionea huruma. Huyo simlaumu, maana ameumia. Lakini nataka anisikilize.

Mguu una mshipa mkubwa wa damu unaopita pajani. Risasi ikiukata, mtu anaweza kufa kabla gari la wagonjwa halijapita mzunguko wa kwanza wa barabara. Tena risasi ikitoka kwenye bunduki, katikati ya watu wanaokimbia, haiulizi mguu wa nani. Siku mbili tu kabla ya kauli hiyo, Julai 7, siku ya maandamano ya Saba Saba, msichana wa miaka 12 katika kaunti ya Kiambu aliuawa na risasi akiwa nyumbani kwao. Nyumbani, msikilizaji. Siku hiyo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu zaidi ya watu 30 waliouawa nchini. Na katikati ya Nairobi, siku hiyo, maduka yalifungwa na barabara zikazibwa kwa seng'enge za wembe, kwa hiyo aliyekuwa analindiwa mali hakuuza hata soksi.

Sheria yenyewe inasema nini? Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 ina jedwali la sita, na natamani lingesomwa kwa sauti kila asubuhi kwenye gwaride. Linamtaka afisa aanze na njia zisizo za nguvu. Bunduki ni pale ambapo njia nyepesi hazitoshi. Afisa ajitambulishe na atoe onyo. Aliyejeruhiwa atibiwe. Pakitokea kifo au jeraha baya, ripoti ifike kwa IPOA, ile mamlaka ya raia inayosimamia mwenendo wa polisi. Halafu kuna sentensi moja ambayo kila konstebo kijana anapaswa kuihifadhi moyoni: kwamba kutii amri ya mkubwa wako si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Mkubwa akisema piga, na wewe ukapiga isivyo halali, kizimbani utasimama wewe. Mwanasiasa aliyeshangiliwa jukwaani hatakuwepo.

Haya hatujifunzi leo. Tume ya Jaji Philip Waki, ilipochunguza machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007, ilihesabu vifo 1,133, na kati ya hivyo 405 vilitokana na risasi. Mapendekezo ya kuwa na chombo cha raia cha kuwachunguza polisi yalitoka humo. Yaani tuliandika sheria hii tukiwa bado na makaburi mabichi, tukijua kwa nini tunaiandika.

Kuna jambo lingine linaloharibu kazi ya polisi kuliko risasi, nalo ni makundi ya kukodiwa. Juni 17, 2025, watu walikuwa barabarani wakidai haki kwa ajili ya Albert Ojwang, mwalimu aliyefia mikononi mwa polisi katika kituo cha Central jijini. Wakatokea wanaume kwa makundi, wengine juu ya pikipiki, wakiwa na mijeledi na marungu, wakawapiga waandamanaji na wapita njia na kuwapora. Waandishi wa habari waliwapiga picha wakiwa karibu na polisi bila kukamatwa. Siku hiyo hiyo mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi ya kichwa na askari, kwa karibu, mbele ya kamera, na baadaye akafariki hospitalini.

Nawaambia wenye maduka: msidanganyike kwamba kundi la marungu ni mlinzi wenu. Kijana aliyelipwa apige watu mchana, nani atamlipa jioni ikifika? Atajilipa mwenyewe, kwenye rafu zako. Na polisi anayevumilia genge moja amepoteza uwezo wa kukamata genge la pili, kwa sababu hakuna anayejua tena nani ni nani. Ndiyo maana naiona kuwa ya maana sana ile amri ya Mahakama Kuu kwamba maafisa wanaosimamia maandamano wavae sare na watambulike. Sare na namba kifuani zinamlinda raia, ni kweli, lakini zinamlinda pia mwenye duka. Mtu asiye na sare, mwenye barakoa, ndani ya gari lisilo na namba, anapogonga mlango wa duka lako saa mbili usiku, utamfungulia au utampiga?

Tutoke nje kidogo. Agosti 2011, London iliwaka baada ya polisi kumpiga risasi na kumuua Mark Duggan huko Tottenham. Fujo zikaenea mtaa hadi mtaa na kufika miji mingine. Siku za kwanza polisi walilaumiwa vikali: maduka yalikuwa yanaungua na wao wako mbali, wachache mno. Kilichotuliza London kilikuwa ni wingi wa askari barabarani. Usiku wa Agosti 9 waliongezwa hadi kama 16,000, nao uporaji ukapungua. Kisha wakaketi na picha za kamera, wiki kwa wiki, mwezi kwa mwezi, wakawafuata waporaji hadi milangoni kwao. Mahakama zilikaa usiku kucha.

Sisemi Waingereza walifanya yote sawa. Kijana mmoja alihukumiwa kifungo cha miezi 6 kwa chupa za maji zenye thamani ya pauni 3 na nusu, na hukumu ya namna hiyo haimfundishi mtu heshima ya sheria. Ila kuna kitu chao kimoja nakitamani. Tangu 1886 walikuwa na sheria inayosema kwamba mali ikiharibiwa katika ghasia, mwenye mali alipwe fidia kutoka fedha za polisi wa eneo lile. Sheria hiyo iliandikwa upya mwaka 2016, lakini wazo limebaki. Fikiria nguvu ya wazo hilo! Kamanda anajua kwamba kila duka linalovunjwa litamega bajeti yake mwenyewe. Hatakosa kuweka askari mlangoni.

Kwetu, mama mwenye kibanda cha viatu hana pa kushika. Bima ya kawaida ya duka mara nyingi haigusi ghasia, mpaka ulipie nyongeza maalumu ya vurugu za kisiasa na ugaidi, na hiyo wanaojua kuitafuta ni kampuni kubwa. Wabunge wanaosema wanawapenda mahasla walete sheria ya fidia, yenye mfuko, yenye fomu ya ukurasa mmoja na yenye siku za mwisho za kulipa. Kwangu hiyo ingekuwa na maana kuliko hotuba kumi za ukali.

Na mporaji akishikwa, ashtakiwe kwa uporaji. Baada ya Juni na Julai 2025, vijana wengi walifikishwa mahakamani kwa mashtaka ya ugaidi. Ugaidi ni shtaka zito linalodai ushahidi mzito. Ukimrundikia kila mtu shtaka hilo, aliyevunja duka kweli anachanganywa na aliyekuwa amesimama kituoni akisubiri basi, kesi zinakwama, na mwenye duka haioni haki hata kwa mbali. Tuna sheria ya wizi na ya kuvunja majengo. Zitumike, kwa picha, kwa alama za vidole, kwa namba za simu zilizoibwa ambazo kampuni za mawasiliano zinaweza kuzifuatilia.

Sasa nije kwetu sisi raia, maana tukimaliza kuwasema polisi bado tuna yetu.

Julai 2021, Afrika Kusini ilipata wiki ya uporaji mkubwa katika majimbo ya KwaZulu-Natal na Gauteng, na watu zaidi ya 350 walikufa. Polisi walizidiwa kabisa, raia wakajilinda wenyewe. Huko Soweto, wakazi na wenye teksi walisimama kulizunguka jengo la maduka la Maponya, likapona. Lakini huko Phoenix, karibu na Durban, wakazi waliweka vizuizi barabarani, wakaanza kuwasimamisha watu na kuwahukumu kwa rangi ya ngozi, na watu 36 wakauawa. Raia ni wale wale, na sababu waliyoitoa ni ile ile, kwamba wanalinda mtaa. Tofauti naiona hapa: wa Soweto walilinda mlango unaojulikana, wa Phoenix waliwinda watu wanaopita.

Kwa hiyo wewe unayesema mtaa wetu utajilinda, nakuunga mkono, kwa masharti. Simameni mbele ya maduka yenu, wengi, wanaume kwa wanawake, nyuso wazi, taa zikiwaka, simu mkononi. Pigeni picha. Pigeni kelele. Namba ya kamanda wa kituo iwe kwa kila mmoja wenu. Lakini msisimamishe wapita njia kuwauliza kabila wala lafudhi. Na mkimshika mwizi, msimpige. Nalisema hili nikijua tunavyopenda kulikwepa: tairi na petroli tunavitumia sisi raia, si polisi, na wasio na hatia waliokufa hivyo katika miji yetu ni wengi. Mwizi aliyeshikwa akakabidhiwa akiwa mzima anaweza kusema nani alimtuma na mzigo ulikwenda wapi. Akifa, njia ya kuipata mali yenu imekufa naye.

Kisha tuulizane kuhusu mzigo wenyewe. Simu mia mbili zikibebwa usiku, haziliwi. Zitauzwa. Nani ananunua? Kuna mtu ataletewa televisheni kwa robo ya bei, bila risiti, bila sanduku, wiki ile ile ya maandamano, naye ataipokea na kumshukuru Mungu kwa bahati. Sheria yetu ya makosa ya jinai inamhesabu huyo vibaya kuliko anavyodhani: wizi wa kawaida una kifungo kisichozidi miaka 3, lakini kupokea mali ya wizi, chini ya kifungu cha 322, kunaweza kukufikisha miaka 14. Waliotunga sheria waliona kwamba bila mnunuzi, mporaji anabeba mzigo wa bure. Na mzazi, mwanao aliyerudi usiku wa manane na viatu vipya jozi tatu ana maswali ya kujibu kabla hajaoga.

Ninapofikiria raia wanaweza nini, huwa nawakumbuka akina mama wa Wajir. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo zilikuwa zikiuana kule kaskazini, na sokoni mama wa ukoo huu hauziwi na mama wa ukoo ule. Mwaka 1993 wanawake wachache, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, waliamua kuanzia hapo hapo sokoni. Walikubaliana kwamba kila mwanamke, wa ukoo wowote, auze na anunue, wakachagua wenzao wa kusimamia jambo hilo. Hawakuwa na bunduki wala bajeti. Kutoka sokoni walikwenda kwa wazee, kutoka kwa wazee wakaenda kwa vijana, hadi maafisa wa serikali wakaketi nao. Na Januari 2008, nchi ilipokuwa inawaka, Dekha alikuwa Nairobi akiunganisha watu kwa simu na ujumbe mfupi kupitia kundi la Wananchi Wanaojali Amani. Amani ilianzia kwenye meza ya muuza mboga. Wenye maduka wa mjini, wachuuzi, waendesha bodaboda na vijana wanaoandamana wanaweza kuketi namna hiyo. Leo wanapita barabara moja kila siku, na hawajawahi kupanga kikao hata kimoja.

Neno kuhusu sisi wa redio na televisheni pia. Ile Juni 25, 2025, Mamlaka ya Mawasiliano iliamuru vyombo viache kurusha maandamano moja kwa moja, na mitambo ya baadhi ya vituo ikazimwa, mpaka mahakama ikaingilia. Nilikasirika, na bado nina hasira. Kamera inayorusha barabara moja kwa moja ni shahidi wa kila mtu: wa mwandamanaji, wa askari mwema, wa mwenye duka. Siku ile ile maduka yaliporwa, na baadhi ya macho ya nchi yalikuwa yamefungwa kwa amri.

Uchaguzi mkuu ni Agosti 10, 2027. Maandamano yatakuwepo kabla yake na huenda baada yake, kwa sababu watu wana madai na wana haki ya kuyatoa. Kamanda wa kila kituo cha katikati ya mji anaweza kuwaita leo wenye maduka wa eneo lake, viongozi wa wachuuzi, na vijana waliowahi kuandaa maandamano, wakae meza moja. Wakubaliane njia ya kupita, saa ya kumaliza, magari ya kuwarudisha watu nyumbani jioni, na ni askari gani, mwenye namba gani, atakayesimama mlango gani kuanzia saa kumi na moja. Wewe mwenye duka unayenisikiliza, usisubiri uitwe. Kesho pita kituoni, muulize kamanda tarehe ya kikao hicho, na uandike jina lake.